Tundu la Chini

Kuku ndiye aliyetuambia.
Yule mweusi wa mama, aliyelala chini ya benchi karibu na jiko,
asubuhi ile ya Julai hakutoka kudonoa pumba.
Na mama, kitandani chumba cha pili,
akasema kichwa kinatwangwa,
akasema amelewa, na pombe ya ndizi
hajaionja tangu Pasaka.

Jiko lile nililijenga mimi,
Butoyi, Heru Juu yote inanijua:
udongo wa kichuguu, mchanga, majani makavu ya kukatakata,
mafiga ya sufuria mbili, na dohani ya matofali
inayochungulia juu ya bati.
Miaka minne moshi ulipanda bila kuniaibisha.

Feni aliileta Bukuru.
Alinitangulia duniani kwa dakika tisa
na hajaacha kutangulia.
Fundi umeme wa mjini, alipanda kutoka Kigoma
na boksi mapajani: mama asikaangie tena dagaa
ndani ya wingu.
Akatoboa ukuta, akafunga waya, akabonyeza.
Harufu ya mawese ikatoka mbio
kama mdaiwa aliyemwona mdai wake.
Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Kisha usiku wa baridi ile.
Mama akaziba dirisha kwa blanketi kuukuu,
akasukuma gunia chini ya mlango,
akaacha maharage jikoni, gogo la mkaratusi likifukuta,
na feni ikizunguka, nguo zisinuke.

Tuligombana kwanza, kila mtu na chombo chake.
"Dohani yako imepasuka."
"Feni yako ina pepo."
Mama, juani, mabega yamefunikwa kanga mbili:
"Nilipowanyonyesha, mmoja akivuta kwa pupa
mwenzake alilia.
Maziwa yalikuwa yale yale."

Tukarudi ndani. Tukafunga kila kitu kama usiku ule.
Nikawasha unyasi, nikaupuliza, nikaushika mdomoni mwa jiko.
Feni ikiwa imezimwa, uzi wa moshi uliinama
ukaingia kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa.
"Washa," nikasema.
Uzi ukasita.
Ukageuka, ukatutazama usoni.
Dohani yangu ilikuwa inavuta pumzi ndani.
Tukakimbilia mlango, sote wawili, hakuna aliyetangulia.

Nyumba haikopeshi hewa. Inayotoka hulipwa papo hapo,
na ukiziba milango italipwa kwa njia iliyobaki,
na iliyobaki ina masizi.
Moshi angalau una huruma, hukutoa machozi ukaondoka.
Kilichomuua kuku hakina rangi, hakina harufu,
kinatoka kwenye kaa linaloonekana limetulia.

Nikatoboa tundu la chini, nyuma ya jiko,
bomba la inchi nne, wavu wa waya kwa ajili ya panya,
moto upate pumzi yake bila kuomba ya mama.
Bukuru akachokonoa friji bovu la jirani,
akang'oa kile kitufe kinachowasha taa mlango ukifunguliwa,
akakifunga kwenye fremu ya dirisha.
Sasa dirisha likifungwa, feni hulala.
Mama alijaribu kuihadaa mara tatu.
Mara ya tatu akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Analalamika, lakini. Tundu linampuliza miguu.
Nimemnunulia soksi za sufu; amempa mjukuu.
Juzi nilikuta tambara limechomekwa pale.
Sikusema neno.
Nililichomoa, nikafungua mfuko wa zana,
katikati ya mwiko na timazi nikatoa unyoya mweusi,
nikaushika mbele ya tundu
mpaka ukatikisika.